Birika, Baraka na Mauzo: Nasaba ya Herufi katika Birkat al Mauz

Msafiri atokaye Nizwa kuelekea mashariki, kabla barabara haijaanza kuupanda Jabal Akhdar, hukutana na kibao chenye jina la mji ulioketi mdomoni mwa Wadi al-Muaydin: Birkat al Mauz. Chini ya mji yametanda mashamba ya mitende na migomba. Juu, kwenye mteremko, zimesimama nyumba za udongo za Harat al-Saibani, ambazo wenyewe walikwisha kuzihama. Iko pia ngome ya Bait al-Rudaydah, na yapo maji ya Falaj al-Khatmein yanayotoka bondeni na kuyanywesha mashamba hayo. Kwa Mwarabu, jina la mji halina fumbo. Birka ni hodhi au dimbwi la maji. Mauz ni ndizi. Ile T iliyochomoza mwishoni mwa neno la kwanza ni ileile inayochomoza pale laila, yaani usiku, inapounganishwa na neno jingine na kuwa Lailatul Kadri. Mji unaitwa Birika la Ndizi, na migomba yake ingali pale kuthibitisha.

Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiarabu hulisoma jina hilo kwa namna yake. Akifika kwenye Birkat, sikio lake linasikia birika, naye amepatia. Akifika kwenye Mauz, jicho lake linakimbilia mauzo, naye amekosea. Katika jina moja lenye maneno mawili, mfuatano mmoja wa herufi umemwambia kweli na wa pili umemdanganya, ilhali kwa macho yote mawili yanafanana na jamaa zao wa Kiswahili kwa kiasi kilekile. Kufanana kwa herufi ni jambo la kawaida mno kati ya lugha hizi mbili, na watu wengi wamejenga juu yake hoja kubwa kuhusu asili ya Kiswahili na asili ya wasemaji wake. Kwa hiyo inafaa kuuliza ni lini herufi zinazofanana huwa ushahidi wa udugu, na ni lini huwa sura tu.

Swali hilo ni la kale, na mtu wa kwanza kulijengea utaratibu kwa lugha ya Kiarabu alizaliwa Oman. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, wa kabila la Azd, aliishi katika karne ya 8 na kufanya kazi yake Basra. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanalo deni kwake hata kama hawalijui, kwa kuwa elimu ya arudhi ni elimu aliyoiasisi yeye, na neno bahari, ambalo wahakiki wa Kiswahili hulitumia kwa aina za mashairi, linatokana na istilahi ya Kiarabu kwa mizani alizoziainisha. Lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi kwa mada hii ni Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Al-Khalil hakuyapanga maneno kwa mfuatano wa alifu, be, te. Alianza na sauti zinazotoka kooni, ambako herufi ayn hukaa, akaja mbele hadi midomoni. Kisha akachukua kila kundi la herufi na kuligeuza katika kila mpangilio uwezekanao, akionyesha ni mipangilio gani inayotumika katika lugha na ipi iliyoachwa.

Herufi tatu zina mipangilio sita. Zichukuliwe B, R na K, zilizomo katika jina la Birkat al Mauz, zikazungushwa kama al-Khalil alivyofanya, na msomaji wa Kiswahili atashangaa kuona ni maneno mangapi anayoyajua. B-R-K imetoa baraka na bariki. B-K-R imetoa bikira, na pia jina Bakari, kutokana na Abu Bakr. R-K-B, yenye maana ya kupanda chombo au mnyama, imetoa merikebu. K-B-R, yenye maana ya ukubwa, imetoa kiburi na takbira. Mtu asiyepata kuisikia habari ya al-Khalil tayari anatumia sehemu kubwa ya gurudumu lake kila siku, msikitini, bandarini na katika kuwaita watoto.

Al-Khalil mwenyewe alikuwa akipanga maneno ili asiache hata moja. Hakuwa akidai kwamba bikira na merikebu ni ndugu. Dai hilo lilikuja baadaye. Ibn Jinni, mwanasarufi aliyefariki mwaka 1002, alipendekeza kwamba mipangilio yote ya herufi zilezile inaweza kurudishwa kwenye maana moja pana, na akatoa mifano ya kuvutia katika kitabu chake al-Khasais. Hata hivyo alikiri kwamba hawezi kuidai kanuni hiyo kwa lugha nzima. Kukiri huko kunastahili kukumbukwa. Mtu aliyeipenda nadharia kuliko wote alijua mahali inapokomea, na wengi waliokuja kulinganisha maneno baada yake hawakuwa na uangalifu huo.

Ndani ya mpangilio mmoja, udugu ni wa kweli zaidi. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, aliieleza B-R-K kuwa shina moja lenye maana ya kitu kutulia na kuthibiti mahali pake. Ngamia anapopiga magoti na kutua, kitenzi chake hutoka katika herufi hizi. Maji yakitua mahali pamoja, mahali hapo ni birka. Kheri ikimkalia mtu isimwondoke, hiyo ni baraka. Katika nchi kavu kama Oman ya ndani, mawazo hayo matatu hayako mbali: anayeyaona maji yametuama chini ya mlima mkavu haitaji kamusi kumwambia kwamba birka na baraka ni watoto wa mama mmoja.

Lakini shina hilo halikuvuka bahari kwa njia ya maji na dua peke yake. Katika karne ya 19, Mubaraka, Mabruki na Baraka yalikuwa miongoni mwa majina ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa, majina ya heri yaliyowekwa juu ya watu waliokwisha kunyang'anywa majina yao ya kwanza. Anayejulikana zaidi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezaliwa yapata mwaka 1820, akatekwa utotoni na kupelekwa India. Alipopata uhuru baada ya kifo cha bwana wake, alirudi Unguja, na kuanzia mwaka 1857 akawa kiongozi wa misafara ya Burton na Speke, kisha ya Stanley na Cameron. Jina lake lina sehemu tatu: Sidi, jina waliloitwa Waafrika nchini India, Bombay, mji wa ugenini, na katikati yake B-R-K, aliyebarikiwa. Anayefuata nasaba ya herufi hizi kutoka hodhi la maji hadi msikitini analazimika kupita pia sokoni Kilwa na Unguja. Mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa ulitiwa saini Unguja mwaka 1873, hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa huko mwaka 1897, na Oman iliupiga marufuku mwaka 1970. Miongoni mwa waliozilima bustani za Oman, wapo walioletwa kutoka Afrika ya Mashariki bila hiari yao.

Neno birika lenyewe lina siri nyingine. Katika nyumba za kale za Lamu, birika ni hodhi lililojengwa chooni kwa ajili ya kuogea, ambamo wenyeji walifuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika misikiti ya pwani, birika ni hodhi la kutawadhia. Hili ni birka ya Kiarabu, ileile ya Birkat al Mauz. Lakini mtu akiombwa leo alete birika, iwe Tanga au Maskati katika nyumba inayosema Kiswahili, ataleta chombo cha chai chenye mdomo na mkono. Ni rahisi kuona maana hii ya pili kama mtoto wa ile ya kwanza: kikubwa cha maji kimezaa kidogo cha maji. Mambo hayakwenda hivyo. Chombo cha kumiminia huitwa kwa Kiarabu ibriq, na neno hilo ni la Kiajemi kwa asili, limeundwa na ab, maji, na kitenzi cha kumimina. Herufi yake ya mwisho ni qaf, wakati ya birka ni kaf. Kwa Mwarabu hayo ni maneno mawili yasiyokaribiana, moja la Kiarabu lenye kutulia na jingine la Kiajemi lenye kumiminika. Kwa Mswahili yamekuwa neno moja, ngeli moja, wingi mmoja: birika, mabirika.

Sababu ni kwamba msemaji wa kawaida wa Kiswahili hatofautishi kaf na qaf katika matamshi. Zote mbili humtoka kinywani kama K. Kwa hiyo gurudumu la al-Khalil likizungushwa kwa masikio ya Kiswahili huokota njiani wageni wengi. Kaburi linaonekana kama ndugu wa kiburi, na wahubiri huenda wakafurahia udugu huo, lakini kaburi ni la qaf na kiburi ni la kaf. Karibu, neno ambalo Waswahili humpokelea mgeni, linafanana na mpangilio wa K-R-B, ambao katika Kiarabu ni shina la dhiki na majonzi. Kwa bahati njema karibu ni la qaf, na jamaa zake ni akraba na kurubia. Herufi moja iliyopotea masikioni ingeweza kuigeuza salamu kuwa kilio, kama si historia ya neno kusimama ikatoa ushahidi.

Zamani ushahidi huo ulikuwa ukionekana katika maandishi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na mwandishi aliyejua Kiarabu angeweza kuandika kaburi kwa qaf na kiburi kwa kaf hata kama ulimi wake uliyatamka kwa namna moja. Hati zile zilikuwa na upungufu wake. Hazikuwa na herufi zilizokubaliwa na wote kwa sauti kama P, V na CH, na maneno ya Kibantu yaliteseka ndani yake kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenzake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hati za Kilatini zilichukua nafasi. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye bara lote lilimwita Tippu Tip na ambaye kwa upande wa baba alikuwa wa nasaba ya Oman, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Wasomaji walizipata kwa herufi za Kilatini, Heinrich Brode alipozichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki ya kusanifisha lugha, na mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Alfabeti iliyosanifiwa haina Q. P, V na CH zikapata makao, na qaf ikakosa. Kuanzia hapo mtoto wa shule hakuwa tena na njia ya kuona kwa macho kwamba birika lake lina wazazi wawili.

Hata neno kamusi ni mfano wa jambo hili. Qamus ilikuwa na maana ya bahari kuu, na al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alipoipa kamusi yake jina la al-Qamus al-Muhit alikuwa akiifananisha na bahari inayozunguka dunia. Sifa ya kitabu kimoja ikawa jina la vitabu vyote vya aina yake. Sultani Barghash alipoanzisha kiwanda cha chapa Unguja, kazi kubwa iliyochapwa humo kuanzia miaka ya 1880 ilikuwa Qamus al-Sharia ya Jumayyil bin Khamis al-Saadi, mwanachuoni wa Oman. Msomaji wa leo anayeliona jina hilo hudhani ni kamusi ya maneno ya sheria. Ni hazina ya fikihi ya Kiibadhi yenye majuzuu mengi, bahari ya sheria kwa maana ile ya kwanza.

Baada ya Birkat, yabaki Mauz. Hapa lililotokea ni kinyume. Kiswahili hakikuazima neno hili, kwa sababu hakikulihitaji: watu wa pwani walikuwa na ndizi na mgomba wao. Neno la Kiarabu lilipata safari nyingine, kwani wengi hulitaja kuwa asili ya Musa, jina la kitaalamu ambalo Linnaeus aliupa mgomba mwaka 1753. Mauzo, kwa upande wake, halina hata tone la Kiarabu. Limetokana na uza, kitenzi cha Kibantu, likavishwa kiambishi MA- mbele na O nyuma, kama pata linavyotoa mapato. Mwarabu akiiona M katika mauz anaona mfupa, herufi ya kwanza kati ya tatu zinazolibeba neno. Mswahili akiiona M katika mauzo anaona vazi, sehemu ya kiambishi kinachovuliwa ili uza libaki. Macho mawili yanatazama herufi zilezile na kuzikata mahali tofauti.

Ukataji huo ndio sheria ya ndani ya Kiswahili, nao hauyaachi salama hata maneno yaliyokuja yakiwa na hati zao zote. Kitab lilipowasili likiwa na K-T-B, shina lililotoa pia katibu, katiba na maktaba, Waswahili walisikia KI- mwanzoni wakaliweka pamoja na kisu na kiti. Wingi wake ukawa vitabu, na herufi ya kwanza ya shina tukufu ikageuzwa V bila kuombwa radhi. Muallim likawa mwalimu, na wingi wake walimu, kama mwana na wana. Nani mgeni na nani mwenyeji katika neno vitabu? T na B zimetoka Uarabuni. VI- imetoka Afrika. Na neno zima halijulikani popote isipokuwa katika Kiswahili.

Mahali pa tatu pa kujaribia ni kwenye maji yenyewe. Falaj al-Khatmein ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, kwa niaba ya mingine ipatayo 3,000 ingali ikitumika nchini. Neno falaj limetoka katika shina lenye maana ya kupasua na kugawanya, na ugonjwa unaopooza nusu ya mwili huitwa kwa Kiarabu falij kwa sababu hiyohiyo. Jina linasifu kazi: maji ya Birkat al Mauz hugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa, na kila mwenye haki hupata fungu lake kwa muda uliopimwa, zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku.

Sasa wasikilizwe wanaousimamia mfereji kama huo. Mkuu wao ni wakil. Wapo arif, wajuao zamu za maji na hali ya mfereji. Yupo qabidh, anayezishika fedha za falaj. Yupo dallal, anayenadi mafungu ya maji mnadani. Na fungu la maji la muda wa nusu saa hivi huitwa athar. Mswahili ambaye hajapata kuona falaj maishani mwake tayari anayo majina ya baraza zima. Wakili kwake ni mtu wa mahakamani, na jamaa zake ni wakala, wakilisha na tawakali. Arifu ni kitenzi cha barua, chenye ndugu kama maarifa, taarifa na maarufu. Dalali humtafutia mpangaji nyumba Dar es Salaam, naye ni ndugu wa dalili, kwa kuwa wote wawili kazi yao ni kuonyesha njia. Athari ni alama ambayo jambo huiacha nyuma yake.

Hapa udugu ni wa kweli, na ukweli wake hauko katika herufi peke yake. Maana zinaweza kufuatwa hatua kwa hatua, na historia ya watu waliozichukua inajulikana: mabaharia, wafanyabiashara, makadhi na watawala waliokwenda na kurudi kati ya Oman na pwani, hasa baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Lakini hata ndugu hawa hawakubaki walivyokuwa. Kabidhi ni mfano mzuri. Katika Kiarabu, kitenzi hiki ni cha kushika na kupokea, mkono unafumba. Katika Kiswahili, anayekabidhi anatoa. Mkono unafumbuka, na ofisi zote za serikali hufanya sherehe za makabidhiano. Maana ya kale imejificha katika kona moja tu ya lugha, pale mtu bahili anapoitwa kabidhi, aliyefumba ngumi.

Limebaki neno moja ambalo linampima mlinganishaji, nalo ni mfereji. Likiwekwa kando ya falaj, mfanano wake ni mkubwa: F na J ziko mahali pake, R imesimama palipokuwa na L, na Kiswahili kimezoea kuzibadilisha sauti hizo mbili. Maana nayo ni moja, njia ya maji iliyochimbwa. Lakini Kiarabu kina pia F-R-J, shina la mwanya na kufunguka, ambalo limekipa Kiswahili faraja, yaani kufunguka kwa dhiki. Mfereji nao ni mwanya uliofunguliwa ardhini. Mashahidi wawili wamesimama, kila mmoja na hoja yake, na M ya mwanzoni ni ile ya ngeli, haimsaidii yeyote kati yao. Mlinganishaji mwaminifu hulipokea neno kama hili kwa subira ya kadhi aliyeletewa madai mawili ya kisima kimoja, akataka ushahidi wa ziada kabla ya kuhukumu.

Subira hiyo ina thamani yake nje ya maneno. Mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman, na baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwezi Julai 1970 maelfu walirejea, kutoka Unguja na Pemba, Tanganyika ya zamani, Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi wao walikuwa na elimu iliyohitajiwa na serikali mpya, na wengi wao walisema Kiswahili na Kiingereza vizuri kuliko Kiarabu. Waliitwa Zinjibari, na katika nchi ambako nasaba ni jambo zito, ulimi wao ulizua maswali kuhusu Uarabu wao. Ng'ambo ya pili ya bahari, maneno yaleyale yalikuwa yametumika katika kesi ya kinyume. Walikuwepo waliosema Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika, kwa kuwa kina baraka, wakili na kitabu. Na walikuwepo waliotaka maneno hayo yang'olewe kwa kuwa yananuka ugeni. Pande zote hizo zilifanya kosa la msomaji wa kibao: ziliona herufi zinazofanana zikadhani zimekwisha kuona nasaba.

Mauzo yanawajibu wanaodai kwamba kila kinachofanana na Kiarabu ni cha Kiarabu. Vitabu vinawajibu wanaodhani kwamba kilichotoka Uarabuni hakiwezi kuwa cha Kiafrika. Birika linawajibu wote, kwa kuwa ni neno ambalo Mwarabu na Mwajemi walilichangia bila kujuana, na likawa neno moja katika kinywa cha mtu wa tatu. Na jina la Mubarak Bombay linamkumbusha kila mpenda nasaba kwamba si kila jina la ukoo wa herufi lilichukuliwa kwa hiari.

Mafundi wa falaj hukiita kisima cha kwanza, kile kinachochimbwa hadi maji yapatikane, umm al-falaj, mama wa falaj. Mtu aliyesimama shambani chini ya migomba ya Birkat al Mauz anaona maji yanapita miguuni pake katika mfereji wazi, mwepesi kuruka kwa hatua moja. Mfereji huo haumwambii maji yametoka wapi. Akitaka kujua, hana budi kuufuata nyuma, kupita mashamba na ngome, kisha mahali unapozama chini ya ardhi na kuendelea gizani, mpaka bondeni kwenye kile kisima. Maneno nayo hufuatwa hivyohivyo, moja baada ya jingine, kutoka yanapotumika leo hadi yalipochimbwa kwanza.